Sista Juana, Mwanamke Aliyemjibu Askofu



Mahindi unayolima shambani mwako yalitoka mbali. Watu wa kwanza kuyalima walikuwa wenyeji wa nchi iitwayo Meksiko, katika bara la Amerika, ng'ambo ya bahari ya Atlantiki. Katika somo hili nitakupeleka huko huko, lakini si kwa habari za mahindi. Nitakusimulia maisha ya mwanamke aliyezaliwa huko zaidi ya miaka 370 iliyopita. Jina lake ni Juana Inés. Hilo la kwanza husomwa Huana.

Nchini kwake Juana anajulikana sana. Sura yake imechapwa katika noti ya peso 100 iliyotolewa mwaka 2020, na kabla ya hapo ilikuwa katika noti ya peso 200. Mtoto wa Meksiko akitumwa dukani kununua chumvi, huenda na uso wa Juana mkononi.

Huyu hakuwa malkia, wala hakuongoza vita. Alisoma, akaandika, na akateta. Aliteta juu ya jambo ambalo wewe mama unayesoma kitabu hiki pengine umekutana nalo: kuambiwa kwamba elimu si kazi yako, kwa sababu tu wewe ni mwanamke.

Mama asiyejua kusoma

Wakati huo Meksiko ilikuwa koloni la Hispania. Wahispania waliuteka mji wake mkuu mwaka 1521, wakaitawala nchi kwa miaka 300. Mfalme alikaa kwao Ulaya, akatuma mtu wa kumwakilisha. Watu wa pwani yetu ya zamani wangemwita mtu huyo liwali. Nami nitamwita hivyo, ingawa madaraka yake yalikuwa makubwa kuliko ya maliwali tuliozoea kuwasikia.

Juana alizaliwa katika kijiji cha Nepantla, karibu na milima miwili mirefu yenye theluji kileleni. Mmoja wa milima hiyo hutoa moshi. Juu ya mwaka wa kuzaliwa kwake, wataalamu wengine hutaja 1648, wengine 1651. Mama yake, Bibi Isabel Ramírez, alizaa watoto sita na wanaume wawili, wala hakuolewa na hata mmoja wao. Baba yake Juana alikuwa Mhispania. Hakukaa nao. Watoto walilelewa katika shamba la Panoayan, alilolikodi babu yao mzaa mama.

Babu alifariki mwaka 1656. Tangu hapo Bibi Isabel ndiye aliyeliendesha shamba lile, kwa zaidi ya miaka 30. Mbegu, mifugo, vibarua, kodi ya ardhi, yote yalikuwa juu yake. Hata hivyo hakujua kusoma wala kuandika. Alipotakiwa kutia sahihi yake katika hati, ilibidi mtu mwingine amwandikie. Najua, ndugu msomaji, kwamba kila kijiji kina Bibi Isabel wake. Ni mtu mwenye hesabu zote kichwani, lakini karatasi ikiletwa humtafuta mwingine.

Mtoto wa mama huyo ndiye aliyekuja kuwa mwandishi mkubwa kuliko wote wa Meksiko katika zama zake.

Uongo wa mtoto wa miaka mitatu

Dada yake Juana alipelekwa kwa mwanamke mmoja aliyewafundisha wasichana nyumbani kwake. Siku moja Juana, mwenye umri wa miaka mitatu, akamfuata nyuma. Alipoona wenzake wanafundishwa, roho ikamwaka. Akamwambia mwalimu kuwa mama yake ameagiza naye afundishwe. Ulikuwa uongo mtupu. Mwalimu hakuuamini, lakini akaona ni mchezo mzuri, akaanza kumfundisha. Baada ya muda mchezo ukageuka kazi, maana mtoto alishika kila alichoonyeshwa. Mama yake alikuja kupata habari Juana akiwa tayari anasoma. Mtoto mwenyewe alikuwa amenyamaza, akiogopa kuchapwa kwa kufanya jambo bila ruhusa.

Alisikia pia kwamba jibini humfanya mtu awe mjinga. Jibini ni maziwa yaliyogandishwa na kukamuliwa maji, na watoto wa shamba lile walikipenda sana chakula hicho. Juana akaacha kula jibini. Hebu fikiri, mtoto mdogo anayejinyima chakula kitamu kwa kuogopa ujinga! Jibini haina kosa lolote, lakini yeye hakujua.

Alipokuwa na umri wa miaka sita au saba, alisikia kwamba katika jiji la Meksiko kuna chuo kikuu. Chuo hicho kilianza kufundisha mwaka 1553, nacho kilikuwa cha wanaume peke yao. Juana alimsumbua mama yake amvalishe nguo za kiume, ampeleke mjini akasome. Bibi Isabel akakataa. Basi Juana akageukia vitabu vya babu yake. Alivisoma vyote, moja baada ya kingine, na adhabu alizopewa hazikumzuia.

Baadaye alipelekwa jijini kukaa na dada ya mama yake. Huko alipata mwalimu wa Kilatini. Wakati ule Kilatini kilikuwa lugha ya elimu na ya Kanisa. Asiyekijua alikuwa kama mtu aliyefungiwa nje ya nyumba. Juana alifundishwa masomo yapata 20 tu, yaliyobaki akajifunza mwenyewe. Alijiwekea sheria kali. Alikata nywele zake upana wa vidole vinne hadi sita, akajiambia kuwa zikirudi urefu wa zamani kabla hajajua jambo alilokusudia kujifunza, atazikata tena. Kwa msichana wa huko, nywele ndefu zilikuwa pambo kubwa. Nywele zikaota upesi, na elimu ikaja polepole, basi akazikata tena. Aliona si haki kichwa kuvishwa nywele nzuri kikiwa kitupu ndani.

Mbele ya wanaume arobaini

Mwaka 1664 alifika liwali mpya, Mkuu wa Mancera, pamoja na mkewe Leonor. Habari za msichana msomi zikawafikia, na Leonor akamchukua Juana kuwa mmoja wa wanawake wa jumbani kwake. Huko Juana alitunga mashairi ya sherehe, ya mapenzi na ya msiba.

Liwali alitaka kujua kama elimu ya msichana huyu ni ya kweli au ni maneno ya watu. Akawaita wasomi yapata 40: walimu wa dini, wa hesabu, wa historia, na washairi. Wakamhoji kila mtu kwa fani yake. Juana alikuwa na umri wa miaka 17 hivi. Aliwajibu wote. Liwali alisimulia baadaye kwamba ilikuwa kama kuona jahazi kubwa la kifalme likijilinda mbele ya mitumbwi midogo.

Hadithi hiyo husimuliwa kwa kumsifu, na sifa anastahili. Lakini itazame tena. Kijana wa kiume mwenye akili kama ile angepelekwa chuo kikuu. Huyu, kwa kuwa alikuwa mwanamke, aliitiwa wanaume 40 wamtazame kama ajabu. Mtihani ukaisha, wasomi wakarudi chuoni kwao, naye akarudi kukaa na wanawake wa jumba. Hakupewa cheti wala kazi.

Njia mbili

Msichana wa tabaka lake alikuwa na njia mbili: kuolewa, au kuingia utawani. Juana hakutaka kabisa kuolewa. Aliandika wazi baadaye kwamba hata utawa ulikuwa na mambo asiyoyapenda, lakini kwa mtu asiyetaka ndoa ndiyo njia iliyomfaa. Alichotaka ni kukaa peke yake na vitabu vyake.

Mwaka 1667 aliingia katika nyumba ya watawa wa Karmeli. Sheria zao zilikuwa ngumu mno, akaugua, akatoka baada ya miezi mitatu. Akaingia nyumba nyingine, ya Mtakatifu Yeronimo, na huko akaweka nadhiri tarehe 24 Februari 1669. Mahari ya kuingilia, maana hata utawa ulidai mahari, ilikuwa peso 3,000, na tajiri mmoja alimlipia. Kuanzia siku hiyo akawa Sista Juana Inés wa Msalaba. Hakutoka tena katika nyumba ile mpaka kufa.

Usidhani aliishi katika chumba cha mkeka na kibatari. Watawa wa Mtakatifu Yeronimo walikuwa na vyumba vyao, na Juana alijaza vyake vitabu, vyombo vya kupimia nyota na vyombo vya muziki. Mtu aliyeandika maisha yake mara ya kwanza alisema vitabu vile vilikuwa 4,000. Hata tukipunguza, maktaba yake ilikuwa kubwa. Wakubwa wa nchi walikuja kuzungumza naye chumba cha wageni. Watawa wenzake nao walimwamini, wakampa kazi ya kutunza hesabu za fedha za nyumba yao, akaifanya kwa miaka mingi. Binti wa mama asiyeweza kutia sahihi sasa akawa mshika daftari.

Jambo moja sitalificha. Mama yake alimpa mtumwa wa kike wa kumhudumia, naye Juana akamkubali, na baada ya miaka akamuuza kwa dada yake. Watu wengi wenye asili ya Afrika walikuwa watumwa Meksiko siku zile. Juana aliandika nyimbo za sikukuu za kanisani ambamo Waafrika hao wanasema kwa namna yao, na nyimbo nyingine kwa lugha ya wenyeji, Kinahuatl, aliyoisikia shambani tangu utoto. Aliwasikiliza watu wanyonge kuliko wenzake wengi walivyofanya. Lakini huyo mtumishi wake hakumwacha huru. Mtu aweza kuuona mnyororo wa mguuni mwake asiuone wa mguuni mwa mwenzake.

Elimu ya jikoni

Kuna wakati mkuu wa nyumba, mwanamke mcha Mungu lakini mwenye hofu, alimkataza Juana kusoma. Aliona masomo ni jambo la hatari. Juana akatii, asishike kitabu kwa muda wa miezi mitatu hivi. Lakini macho hayakukatazwa kutazama. Akatembea katika ukumbi wao wa kulala na kuona kwamba kuta mbili zilizo sambamba, zikitazamwa kwa mbali, huonekana kama zinakaribiana. Akajiuliza sababu. Akaona watoto wawili wakicheza pia. Akaagiza unga unyunyizwe sakafuni, pia izungushwe juu yake, apate kuona inachora nini. Akaona kuwa haichori duara kamili, bali mistari ya kujizungusha kama gamba la konokono.

Jikoni nako hakukaa bure. Aliona kwamba yai likitiwa katika mafuta ya moto hushikamana, lakini likitiwa katika maji mazito ya sukari huvunjika vipande. Aliona kwamba sukari haigandi ikichanganywa na maji kidogo yaliyolowekwa tunda kali. Aliona kwamba ute na kiini cha yai moja, vikiwekwa pamoja na sukari, havifanyi kazi sawa. Aliyaandika hayo yote katika barua kwa askofu, bila aibu. Akaongeza kwa mzaha kwamba Aristotle, yule mwanafalsafa mkuu wa Wagiriki, angalipika chakula angaliandika mengi zaidi.

Mzaha huu naupenda kuliko mengi aliyoandika. Watu walikuwa wakisema kuwa mahali pa mwanamke ni jikoni, basi asisumbuliwe na elimu. Juana hakusema jikoni ni pabaya. Alisema kuwa elimu iko hata jikoni, na wanaume wasioingia huko ndio wanaoikosa. Mama uliyekwisha kuona kwa nini maharage mengine hukataa kuiva, au kwa nini togwa huwahi kuchachuka siku za joto, umeanza kazi ile ile.

Mwandiko wa kiume

Tangu siku zile za jumbani, Juana alikuwa na padre wa kumwungamia aitwaye Antonio Núñez, mtu mwenye sauti kubwa mjini. Padre huyu ndiye aliyemhimiza aingie utawani. Alipoona mtawa wake anatunga mashairi kwa ajili ya maliwali, akakasirika, akawa anamlaumu mbele ya watu. Yapata mwaka 1682 Juana alimwandikia barua ya kumwachisha. Barua hiyo ilipotea kwa karibu miaka 300, mpaka nakala yake ilipopatikana mwaka 1980 katika mji wa Monterrey.

Ndani yake mna malalamiko madogo ambayo wewe mwanakisomo utayaelewa upesi. Mwandiko wa Juana ulikuwa mzuri. Watu wakasema unafanana na mwandiko wa mwanamume, na kwamba si adabu. Wakamsumbua hata ikambidi auharibu kwa makusudi, na watawa wenzake wote walikuwa mashahidi. Fikiri juu ya hilo. Wewe umetoa jasho kunyoosha herufi zako zikae juu ya mstari. Huyu alitoa jasho kuzipinda, ili zionekane za mwanamke.

Katika barua ile ile alimwuliza padre kama roho za wanawake hazina akili kama za wanaume, na ni sheria gani iliyowakataza kusoma. Kisha akamshukuru kwa mema aliyomtendea, akamwambia kwamba atatafuta padre mwingine.

Miaka iliyofuata ilikuwa miaka yake mizuri. Alikuwa amepata rafiki, mke wa liwali mwingine, jina lake María Luisa. Huyu bibi aliporudi Hispania mwaka 1688, alichukua mashairi ya Juana, na mwaka 1689 yakachapwa kitabu mjini Madrid. Mwanamke mmoja aliandika, mwanamke mwingine akavusha bahari.

Kati ya mashairi yake, moja lilikuja kupendwa mno, na hata leo watoto wa shule nchini Meksiko hulikariri. Linawasema wanaume wanaowalaumu wanawake kwa makosa ambayo wao wenyewe wameyataka. Hoja yake ni hii. Mwanamume humbembeleza mwanamke. Mwanamke akikataa, huitwa mkatili. Akikubali, yule yule aliyembembeleza humwita mwepesi. Basi afanye nini? Na kama kuna dhambi ya kununua na kuuza, mbona anayetoa fedha haulizwi neno? Wakati Juana anaandika hayo, neno la kutaja harakati za kutetea haki za wanawake lilikuwa halijabuniwa katika lugha yoyote ya Ulaya. Ndiyo maana waandishi wa karne ya 20 wamemwita mtetezi wa kwanza wa haki hizo katika Amerika.

Barua ya askofu

Sasa tufike kwenye kesi yenyewe.

Mwaka 1690, katika mazungumzo, Juana alitoa kasoro katika hotuba ya zamani ya padre mashuhuri wa Kireno, António Vieira. Ilikuwa hotuba juu ya upendo wa Kristo. Mtu mmoja akamwomba Juana aandike hoja zake, naye akaandika. Karatasi zile zikafika mikononi mwa askofu wa mji wa Puebla, Manuel Fernández de Santa Cruz. Askofu akazichapisha bila kumwuliza mwenyewe. Mbele yake akatia barua ya kumsifu Juana kwa akili, na kumwonya aache elimu za dunia ashike mambo matakatifu peke yake.

Askofu hakuweka jina lake katika barua ile. Aliweka jina la kike, Sista Filotea, kana kwamba ni mtawa anayemshauri mtawa mwenzake. Mwanamume alijitanda ushungi ili amwambie mwanamke kuwa vitabu havimfai!

Juana alijua barua imetoka kwa nani. Akakaa miezi kadhaa, kisha tarehe 1 Machi 1691 akajibu. Naye hakumfunua. Alimjibu Sista Filotea kwa heshima na upole, kama mtawa kwa mtawa, na chini ya upole huo akapanga hoja zake kama matofali.

Kwanza alisimulia maisha yake, na mengi niliyokwisha kukueleza yametoka humo: uongo wa utotoni, jibini, nywele, pia na mayai. Alitaka kuonyesha kwamba hamu ya kusoma hakuichagua. Mungu aliitia ndani yake, na alipojaribu kuizima haikuzimika. Kisha akawataja wanawake wenye elimu na hekima: Debora wa katika Biblia, aliyewaamua Waisraeli, Malkia wa Sheba, aliyemjaribu Sulemani kwa maswali, Hypatia, aliyefundisha elimu ya nyota katika mji wa Alexandria huko Misri, na wengine wengi. Kama elimu ingekuwa mwiko kwa wanawake, wale walitoka wapi?

Askofu na wenzake walizoea kutaja maneno ya Mtume Paulo kwamba wanawake wanyamaze kanisani. Juana hakumkana Mtume. Alisema kuwa kuhubiri hadharani ni jambo moja, na kujisomea au kuandika chumbani ni jambo lingine, na kwamba mtu asiyejua desturi za zamani zile hawezi kuyaelewa maneno yale. Akaongeza kwamba si kila mwanamume anafaa kufundisha ati kwa sababu ni mwanamume. Mjinga akipata elimu kidogo huwa hatari zaidi, kama upanga mkononi mwa mwenda wazimu.

Halafu alisema jambo ambalo mimi, kwa kazi yangu ya elimu, nimelisoma mara nyingi. Alisema wazazi wengi huwaacha binti zao bila elimu kwa kuogopa kumwachia mwalimu wa kiume, maana aibu nyingi zimetokea kwa njia hiyo. Hofu yao ni ya haki. Lakini dawa yake si kumwacha msichana katika ujinga. Dawa ni kuwa na wanawake wazima wenye elimu, ili wawafundishe wasichana. Na wanawake hao watapatikana wapi, ikiwa wao wenyewe walikatazwa kusoma? Yaani ujinga wa bibi ndio unaouzaa ujinga wa mjukuu. Aliandika hayo mwaka 1691.

Vitabu vinaondoka

Ingekuwa hadithi ya kutunga, ningekuambia kuwa askofu alishindwa na Juana akaishi kwa raha. Haikuwa hivyo. Jibu lake halikuchapwa akiwa hai. Watu walimshambulia kwa maandishi na mimbarini, wengine wakamtetea. María Luisa alikuwa mbali. Askofu mkuu wa Meksiko, Francisco de Aguiar y Seijas, alijulikana kwa kuwaepuka wanawake na kuchukia michezo ya kuigiza, na Juana alikuwa ameandika michezo hiyo.

Nchi nayo ilikuwa katika shida. Mwaka 1691 mvua zilizidi, ngano ikaharibika, mahindi yakaadimika. Tarehe 8 Juni 1692 watu wenye njaa waliichoma nyumba ya liwali. Wakubwa wakasema hiyo ni adhabu ya Mungu kwa dhambi za watu. Siku kama hizo, mwenye kuteta hatakiwi.

Juana akamrudia padre Núñez. Akatoa vitabu vyake na vyombo vyake viuzwe, fedha zikapewa maskini. Mwaka 1694 alitia sahihi maandishi ya toba kwa damu yake mwenyewe, na katika daftari la nyumba ya watawa akajiita mbaya kuliko wanawake wote. Wako wanaosema kwamba aligeuka kwa hiari, kwa kumpenda Mungu. Wako wanaosema kwamba alibanwa mpaka akavunjika. Mmoja wao ni Octavio Paz, mwandishi mkuu wa Meksiko, aliyetoa kitabu kinene juu yake mwaka 1982. Mimi nawaunga mkono hawa wa pili. Mtu aliyeacha jibini akiwa mtoto, akakata nywele akiwa msichana, na kukataa ndoa, yote kwa ajili ya kusoma, haachi vitabu bila kusukumwa. Lakini Juana hakusema alisukumwa, na wewe msomaji una haki ya kuamua mwenyewe.

Mwaka 1695 ugonjwa wa kuambukiza uliingia katika nyumba ya Mtakatifu Yeronimo. Watawa wengi wakaugua, na Juana akawauguza. Akaupata ugonjwa ule, akafa tarehe 17 Aprili 1695.

Mwaka 1700 kitabu cha tatu cha maandishi yake kilichapwa mjini Madrid, na ndani yake likatokea kwa mara ya kwanza lile jibu alilomwandikia askofu. Limo pia shairi la kuwashukuru waandishi wa Ulaya waliomsifu. Humo anasema kwamba yeye siye yule wanayemdhania, na kwamba wamemvika sifa walizozitunga wenyewe. Shairi hilo lilikutwa halijamalizika.